Maduka Yalijaa, Ada Zikarudi

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) baada ya miaka ya kuvutana. Mwalimu Nyerere alikuwa amegoma kushusha thamani ya shilingi. Ali Hassan Mwinyi, aliyempokea urais mwaka 1985, alikubali. Hakuwa na pa kukimbilia. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, bei ya mafuta na hasara za mashirika ya umma vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na watu walipanga foleni kutwa kusubiri sabuni na sukari.

Biashara ilipofunguliwa bidhaa zilirudi upesi, na rais akabandikwa jina la Mzee Ruksa. Ila shilingi, iliyokuwa chini ya 20 kwa dola mwanzoni mwa 1986, ilikaribia 200 mwaka 1990. Mishahara iliachwa mbali. Sabuni ipo, hela hakuna.

Mambo yalikuwa magumu zaidi Nyanda za Juu Kusini. Awali bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, hata kwa gunia la Songea, mkoani Ruvuma, karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Gharama ya lori ilibebwa na serikali. Utaratibu huo ulikula fedha nyingi, na waliolalamika hawakukosea. Lakini ndio uliomfanya mkulima wa Ruvuma alime mahindi ya kuuza. Ulipoondolewa, na ruzuku ya mbolea nayo ikaondolewa, mnunuzi binafsi alikata nauli ya lori kwenye bei ya gunia, au hakufika kabisa.

Upande wa huduma, ada ya shule za msingi iliyofutwa mwaka 1973 ilirudi kwa sura ya michango, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza uchangiaji wa gharama. Maskini alisamehewa, kwa maandishi. Kwa vitendo ilimbidi apate barua ya mtendaji kuthibitisha umaskini wake, kazi isiyofanyika mtu akiwa na homa kali. Uandikishaji shuleni, uliokaribia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80.

Ada zilipofutwa tena mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004, wengi wakikaa sakafuni. Soko, hata hivyo, halikufungwa. Mwaka 2003 hata ruzuku ya mbolea ilirejea, ikipitia kwa wafanyabiashara binafsi, na kilichofidiwa kwanza kilikuwa nauli ya lori.