"To coppice": kukata mti ukingojea urudi

Wenzangu, na zaidi ninyi munaoandika memuari mwaka huu: tulisoma pori kwa Kifaransa, lakini maandishi mengi juu ya miombo yanatoka Zambia, Tanzania na Zimbabwe, na yako kwa Kiingereza. Humo mutakutana na kitenzi kimoja ambacho hata Mwingereza wa mjini pengine hakijui: to coppice. Ukikitafsiri "kukata" tu, utaelewa kinyume.

Maana yake ni kukata mti karibu na udongo kwa kusudi kisiki kichipue, halafu machipukizi yakisha kukomaa unakata tena. To fell ni kuangusha mti, basi. To coppice inahesabia kurudi kwa mti. Na kinatumika kwa njia mbili. Mtu anakata: "they coppiced the plot". Ao mti wenyewe ndio unafanya kazi: "this tree coppices well", ni kusema ukikatwa unachipua vizuri. Njia hii ya pili ndiyo inasumbua wanafunzi, sababu humo hakuna mtu mwenye shoka.

Neno lilitoka Kifaransa cha zamani, copeiz, na ndani yake muko couper yetu ya kila siku. Nyuma zaidi kuna coup, pigo. Kumbe mtu wa Lubumbashi anatembea na ndugu ya neno hili mu kinywa bila kujua! Kifaransa cha leo kinaita pori la namna hiyo taillis, na kitendo chenyewe recéper. Waingereza walikuwa na haja nalo kweli: Bradfield Woods, kule Suffolk, pori linajulikana kukatwa hivyo tangu mwaka 1252, na mahali pengine tanuri za chuma zilikula makala ya mapori kama hayo. Ndiyo, makala.

Kwetu, kukata na kuchipua ni maneno mawili yanayokaa mbalimbali. Lakini Kibemba kina kutema, na humo kulitoka jina la chitemene: mkulima anapanda juu ya mti, anakata matawi, anayakusanya na kuyachoma, anapanda ulezi mu majivu, kisha miaka ikipita anaacha pori lipumzike. Shina linabaki. Kukata juu hivyo Waingereza wanaita to pollard. Kwao ilikuwa ng'ombe wasifikie machipukizi. Vitenzi ni viwili, lakini mkataji anategemea jambo moja: mti haujafa.

Sasa tuje kwa mbabula zetu. Mifuko ya makala inayoingia Lubumbashi kwa kinga na malori inatoka miombo hiyo hiyo, miti kama muputu na mutondo. Watu wanasema pori limekwisha, na mahali pengine ni kweli. Lakini visiki vya miti hiyo miwili vikiachwa, vinachipua. Kinachoua ni kile kinachofuata: kung'oa visiki kwa ajili ya mahindi, kukata machipukizi yangali membamba, na moto wa mwisho wa kiangazi. Ndola, ng'ambo ya mpaka, walianza jaribio mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti, nyasi zikatawala. Vile vilivyochomwa mapema, nyasi zingali na maji, vilibaki pori. Kwa hiyo, kujua kama mchoma makala alifanya coppice ao aliangusha tu, usiangalie shoka lake. Rudi pale mwezi wa 10, miaka miwili ao mitatu baadaye.

Tena moja kwa wenye memuari: jedwali likisema "coppice regrowth", hayo ni machipukizi ya kisiki. Usiyahesabu pamoja na miche ya mbegu, "seedlings". Mche wa mbegu wa miombo unaweza kukaa miaka chini ya nyasi, unakauka juu kila kiangazi na kuanza upya, lakini chipukizi la kisiki linanyonya kwa mizizi ya mzee wake na linapanda haraka.