Gesi nyumbani (sehemu ya 3): Hita inapokosa pumzi

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu mtungi na mpira wake. Leo tunaingia sebuleni, kwenye hita ya gesi ya kupashia chumba joto: lile kabati la bati lenye magurudumu, mtungi umefichwa nyuma, vigae vya kauri vinawaka rangi ya chungwa mbele. Kwa watu wa pwani chombo hiki hakina kazi. Lakini kwa wakazi wa Limuru, Nyahururu, Njombe na Makete, kipupwe kinapoingia mwezi Juni, hita hutolewa stoo, hupitishwa tambara, huwashwa, na familia huizunguka. Ni hilo tambara linalonitia wasiwasi. Linafuta vumbi la juu lisilo na madhara yoyote, na vumbi la ndani, lenye uwezo wa kuua, linabaki palepale.

Tuanze na moto wenyewe. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo la nozeli, na kasi hiyo ndiyo huvuta hewa kupitia nafasi zilizoachwa pembeni, vikachanganyika kabla ya kuwaka. Kichomeo cha namna hii kilipata umaarufu kutoka maabara ya mwanakemia Robert Bunsen kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855, na hita za leo bado zinafuata kanuni ileile. Hewa ikitosha, mwali unakuwa wa buluu, mfupi na uliotulia, na kinachotoka humo ni mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, kaboni haipati oksijeni yake yote. Sehemu hugeuka masizi, ambayo ndiyo hung'aa njano ndani ya moto, na sehemu nyingine hutoka ikiwa kaboni monoksidi.

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo chumbani hujikusanya mwilini saa baada ya saa. Hewa yenye sehemu 1,600 tu za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja humpa mtu kichwa kikali na kichefuchefu ndani ya dakika 20, na inaweza kumuua ndani ya saa moja au mbili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Husema: hita yangu ni salama, sisikii harufu ya gesi. Harufu tunayoijua si ya gesi yenyewe. Huongezwa makusudi, kwa kemikali iitwayo merkaptani, na utaratibu huo ulipata nguvu ya sheria baada ya msiba wa New London, Texas. Tarehe 18 Machi 1937, gesi isiyo na harufu ilikuwa imejaa chini ya sakafu ya shule ikalipuka, na karibu watu 300, wengi wao wanafunzi, wakafa. Tangu hapo pua imekuwa mlinzi wetu, lakini inalinda upande mmoja tu. Inatuonya gesi inapovuja kabla ya kuwaka. Ikishawaka, merkaptani nayo imeungua, na kaboni monoksidi inayotoka kwenye moto mbovu hupita puani bila kujulikana.

Cheo wala ulinzi haumkingi mtu na hili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 2005, Waziri Mkuu wa Georgia, Zurab Zhvania, alikutwa amefariki katika nyumba moja jijini Tbilisi pamoja na Raul Usupov, naibu gavana wa mkoa. Sebuleni mlikuwa na hita ya gesi. Uchunguzi wa serikali, ambao FBI ya Marekani ilialikwa kuusaidia, ulihitimisha kuwa waliuawa na kaboni monoksidi ya hita ile, iliyofungwa vibaya katika chumba kisichopitisha hewa ya kutosha. Familia ya Zhvania haikuridhika na hitimisho hilo, na mjadala uliendelea kwa miaka. Ninaloomba msomaji alione ni kwamba wachunguzi hawakuhitaji bomu wala risasi kueleza vifo vya watu wawili wazima wenye walinzi. Hita ya nyumbani ilitosha.

Sasa usafi. Funga vali ya mtungi yenyewe, usiishie kwenye swichi ya hita, kisha iache ipoe kabisa. Ondoa mtungi, toa hita nje barazani. Huko nyuma, mlimokaa mtungi, ndimo hewa inamoingilia, na ndimo vumbi, nywele za paka na nyuzi za blanketi hukusanyika. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, au mashine ya kufyonza vumbi kama unayo. Nyuma ya vigae utaona mirija mifupi yenye midomo mipana. Hapo ndipo gesi na hewa hukutana, na hapo ndipo buibui hupenda kutaga wakati hita imelala stoo. Msidharau buibui. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita tena maelfu ya magari yake huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wanaziba kwa utando mirija ya mvuke wa petroli. Katika hita, utando mwembamba uliokaa mdomoni mwa mrija hupunguza hewa, gesi ikaendelea kuja kama kawaida, na mwali ukawa njano.

Vigae vya kauri vina matundu madogo mengi sana, na ni vyepesi kuvunjika. Visipitishiwe maji, sabuni, wala brashi ya waya. Brashi laini inatosha, ikifuatiwa na upepo wa taratibu, hata wa pampu ya baiskeli. Upepo wa kompresa ya gereji una nguvu mno, unaweza kuvipasua. Kigae chenye ufa hakirekebishwi kwa simenti wala gundi, hubadilishwa, maana moto unaweza kupenya ufa ukaanza kuwaka upande wa nyuma, karibu na mpira na mtungi. Ukisikia hita inatoa mlio wa kufyatuka kila inapowashwa, izime na uchunguze vigae kwanza.

Nozeli ina kishawishi chake. Nimeona mafundi wakiizibua kwa sindano au kijiti cha waya, na mteja akifurahi kuona moto umekuwa mkubwa. Umekuwa mkubwa kwa sababu shaba ni laini na tundu limepanuka. Sasa gesi inaingia nyingi kuliko hewa iliyopangiwa, na hita hiyo haitarudi kuwaka vizuri mpaka nozeli ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile. Nozeli hulowekwa kwenye spiriti na kupulizwa, basi.

Ukimaliza, rudisha kila kitu, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira kama tulivyofanya katika sehemu ya kwanza, kisha washa ukiwa umefungua dirisha. Zima taa ya umeme ili uone vizuri. Baada ya dakika chache vigae vyote vinapaswa kung'aa sawasawa, bila doa jeusi na bila ndimi za njano kuruka juu yake. Ule mwali mdogo wa kuwashia uwe wa buluu na ukibusu ncha ya chuma iliyo mbele yake. Masizi juu ya kabati au ukutani ni ushahidi kwamba moto umekuwa mbaya kwa muda.

Ile ncha ya chuma inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo hufanyiwa hila nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya hita. Huitwa themokapo. Ni metali mbili zilizounganishwa, na zikipata joto hutoa umeme mdogo sana, wa milivolti chache. Umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Mwali mdogo ukizimika, themokapo hupoa, umeme hukatika, vali hujifunga. Katika hita nzuri mwali huo pia umepimwa makusudi uwe mnyonge: oksijeni chumbani ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 18, mwali hunyanyuka, huiacha themokapo, na hita hujizima yenyewe.

Kwa hiyo hita inayojizimazima inasema jambo. Yawezekana tundu la hewa la mwali mdogo limeziba kwa vumbi, na upepo kidogo wa pampu utalimaliza tatizo. Yawezekana themokapo imechakaa, na bei yake ni ndogo. Yawezekana chumba hakina hewa. Fundi asiye na subira huchagua njia ya nne: huunganisha vali moja kwa moja ili isijifunge tena, akapokea fedha yake na shukrani juu yake. Oktoba 2006, katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, watoto wawili ndugu kutoka Uingereza walikufa kwa kaboni monoksidi katika chumba cha hoteli. Moshi ulitoka kwenye chombo cha gesi cha kupashia maji kilichofungwa nyuma ya ukuta, nacho kilikutwa kimeunganishwa kwa namna hiyo, kinga yake ya kujizima imeondolewa. Fundi akikuambia ameitoa sensa kwa sababu inasumbua, usimlipe, na usiiwashe hita hiyo tena.

Nyanda zetu za juu zina tatizo la ziada ambalo wauzaji hawalitaji. Limuru na Nyahururu ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya moja ya tano. Asilimia ya oksijeni ni ileile, lakini kila lita ya hewa inayovutwa na kichomeo ina oksijeni pungufu. Hita iliyotengenezwa kwa ajili ya miji ya karibu na bahari itawaka huko ikiwa na njaa ya hewa hata kama ni mpya na safi. Kanuni za gesi za Marekani hutaka nguvu ya chombo ipunguzwe kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, pale mahali panapozidi futi 2,000. Basi kabla ya kununua, soma kibandiko cha nyuma au kitabu chake, uone mtengenezaji ameruhusu mwinuko wa kiasi gani. Kama hakuandika, muulize muuzaji, na asipojua, nunua kwingine.

Na hita iwe safi namna gani, haiwezi kutengeneza hewa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.5. Hita ya kilowati 4 ikiwaka kwa nguvu zote huchoma kama gramu 300 za gesi kwa saa, na kazi hiyo hutumia oksijeni yote iliyomo katika mita za ujazo 4 hivi za hewa. Ukikiziba chumba hicho kabisa, matambara chini ya mlango na magazeti kwenye nyufa za dirisha, oksijeni itafika ile asilimia 18 baada ya saa moja hivi. Yako maonyo yanayoonekana kwa macho: kila kilo ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Vioo vya dirisha vikianza kutiririka maji, hewa iliyotumika haina pa kutokea. Fungua dirisha sehemu ya kiganja na uliache hivyo muda wote hita inapowaka. Baridi kidogo itaingia. Iingie. Wakati wa kulala hita izimwe na mtungi ufungwe, bila kusubiri watoto wapate usingizi kwanza.

Wasomaji wetu wanaopanga nyumba Uingereza wana kinga ya sheria ambayo huku hatujaifikia: mwenye nyumba anawajibika kuita fundi aliyesajiliwa akague vyombo vyake vya gesi kila mwaka, na mpangaji ana haki ya kupewa nakala ya cheti. Idai.

King'ora cha kaboni monoksidi kinafaa sana kwa anayeweza kukinunua. Hakikisha tu kimeandikwa ni cha kaboni monoksidi, kwa maana vile vya kugundua gesi inayovuja ni vingine na havitambui sumu hii. King'ora nacho huzeeka, hivyo tazama mwaka wa kubadilisha uliochapwa nyuma yake.

Dalili za sumu hii hufanana na za malaria au mafua: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Tofauti ni kwamba huwapata watu kadhaa wa chumba kimoja kwa pamoja, na hupungua wakitoka nje. Likitokea hilo, tokeni wote kwanza, mkimbeba asiyeweza kutembea, na mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Akipewa oksijeni tupu, hupungua kwa nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Mkifika, mwambieni daktari kwa maneno yaliyo wazi kwamba hita ya gesi ilikuwa inawaka chumbani. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, kitaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini, na daktari asipoambiwa habari ya hita anaweza kumrudisha nyumbani.

Sehemu ya 4 itahusu hita ya gesi ya maji ya kuogea, na kwa nini isifungwe ndani ya bafu.