Kilichomo Kikombeni

Somo langu la kwanza la lishe kwa wanafunzi wa uuguzi halianzi na makundi ya chakula. Hayo wanayajua tangu shule ya msingi, na wanaweza kuyakariri huku wakisinzia. Naanza na vikombe viwili vya uji wa dona, kila kimoja robo lita. Cha kwanza nimekipika kwa gramu 12 za unga, cha pili kwa gramu 50. Nawauliza: mtoto wa miezi saba mtampa kipi?

Karibu wote huchagua cha kwanza. Cha pili, wanasema, kitampalia. Kijiko kinasimama wima kama kimechomekwa kwenye ugali. Hapo hawajakosea. Basi tunapiga hesabu ubaoni. Unga wa mahindi una takribani kilokalori 350 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kikombe cha kwanza kina kilokalori 42 hivi na cha pili 175. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 kwa siku kutoka vyakula vya nyongeza. Tumbo lake hupokea kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo 7 hamalizi zaidi ya mililita 210 kwa mlo mmoja. Kwa uji ule mwepesi itabidi anywe karibu lita 1.2 kwa siku: milo sita ya kujaza tumbo hadi kooni, na hapo bado hajanyonya.

Mtoto wa namna hii halii njaa. Tumbo limejaa maji, analala, mama anaridhika, huku mstari kwenye kadi ya kliniki ukiacha kupanda. Ndiyo sababu nesi anayemuuliza mama, "Mtoto anakula?" hupata jibu la kweli lisilomsaidia chochote. Anakula, ndiyo. Swali ni unga kiasi gani, maji kiasi gani, mara ngapi.

Halafu natoa kitu cha tatu cha somo hilo: unga wa kimea. Ni ulezi au mtama uliolowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Nauacha uji mzito upoe kidogo, nakoroga kijiko kimoja cha kimea, tunasubiri. Baada ya dakika chache kijiko kilichokuwa kimesimama kinaanguka pembeni na uji unamiminika, unga ukiwa ni uleule gramu 50. Kimeng'enya kiitwacho amilesi kimekatakata minyororo ya wanga iliyokuwa imeshikilia maji. Kukitia jikoni uji ukiwa unatokota ni kukiua. Kinatiwa uji ukiwa wa moto wa wastani, kisha ukishalainika unarudishwa jikoni uchemke tena kuua vijidudu. Kila mwaka kuna mwanafunzi wa kutoka Ruvuma au Iringa anayecheka: "Madam, si ndiyo kimea cha togwa hiki?" Ndicho. Bibi yake anakijua zamani. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikihimiza kwa uji wa watoto, lakini leo naona akina mama wengi mjini wananunua unga wa lishe wa nafaka nane au kumi, mahindi, soya, karanga, mchele na ngano vyote pamoja, kana kwamba wingi wa majina ndio lishe. Mie siupendi. Soya inataka muda mrefu jikoni kuliko mchele, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu; mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Unga wa nafaka moja safi, kimea, kijiko cha mafuta, na dagaa waliosagwa au maharage yaliyopondwa pembeni: hapo tunaweza kuzungumza.

Muuguzi hathubutu kumwambia mgonjwa "meza dawa za kutosha." Atamwambia vidonge vingapi, saa ngapi, kabla au baada ya kula. Lakini "kula vizuri," "pata mlo kamili," tunayasema kutwa wodini na kuondoka tukidhani tumetoa elimu. Tiba lishe ni kipimo, kama dawa, na ina madhara ikizidi au ikikosea mtu.

Wa kwanza kunifundisha hilo kwa maandishi alikuwa Florence Nightingale. Kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kina sura mbili nzima za chakula. Enzi zake Waingereza waliamini mchuzi wa nyama ya ng'ombe ndio chakula bora cha mgonjwa. Yeye akawaambia waukaushe motoni waone kinachobaki: kama kijiko cha chai kwa nusu painti. Nikisoma hapo nawaona ndugu wa wagonjwa wetu saa ya kuona wagonjwa, wamebeba hotipoti ya supu ya kuku. Mchuzi anapewa mgonjwa, minofu wanakula waliomleta, kwa imani kwamba nguvu yote imetoka ikaingia kwenye supu. Haikutoka. Protini karibu yote imebaki kwenye nyama. Siwakatazi supu, maana mgonjwa asiye na hamu huanzia hapo na chumvi na maji vina kazi yake. Nawafundisha wanafunzi wafungue hotipoti, watazame ndani, wamwambie shangazi kwa heshima: "Shangazi, na huyu kuku mwenyewe tumchambue, tumponde na viazi, ale."

Hospitali zetu nyingi hazina jiko la kulisha kila mtu, kwa hiyo mpishi wa mgonjwa ni ndugu yake. Kitabu cha tiba lishe kilichoandikwa Ulaya humchukulia muuguzi kama mtu wa mwisho kwenye mnyororo unaoanzia kwa daktari, ukapita kwa mtaalamu wa lishe na jikoni. Kwetu mnyororo ni nesi na shangazi.

Na hapo ndipo mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Mzee mmoja, figo zake zimechoka, aliniuliza anywe nini kwa kuwa soda amekatazwa. Nikamjibu kwa kujiamini: vitu vya asili, mzee wangu, madafu na ndizi. Wanawe wakaleta madafu asubuhi na jioni. Dafu lina takribani miligramu 250 za potasiamu katika kila mililita 100. Dafu la nusu lita linapita miligramu 1,200, na wagonjwa wengi wa figo huwekewa mpaka wa kama 2,000 kwa siku nzima. Figo nzima huitoa ziada kwa mkojo. Figo mbovu huiacha kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana moyo hupoteza mapigo yake. Daktari aliiona kwenye kipimo cha umeme wa moyo kabla haijawa msiba. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nani kamshauri, na nikataka ardhi ipasuke.

Kwa hiyo darasani neno "asili" halipiti bila kuulizwa maswali. Kwa mgonjwa wa figo tunajifunza kukata viazi na ndizi mbichi vipande vidogo, kuvichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga yale maji, kwa sababu potasiamu huyeyukia humo. Huyo wa kitanda cha pili mwenye vidonge vya kupunguza maji mwilini huenda akahitaji kinyume chake. Ndizi ni ileile. Kuhusu kisukari sikai sana, maana wanafunzi huja wakijua. Ninachosisitiza ni kwamba kuacha sukari kwenye chai na kubaki na bonge la ugali wa sembe la ukubwa wa ngumi tatu ni kujidanganya.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mtoto mwenye utapiamlo mkali. Akivimba miguu na nywele zikififia, mtaani husemwa amebemendwa: wazazi hawakusubiri, au mama kashika mimba nyingine mtoto angali ziwani. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akauita kwa jina la Waga wa Accra, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepisha ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Waga na sisi tumeona jambo lilelile. Tofauti ni kwamba neno letu linamshitaki mama, na mama aliyeshitakiwa huchelewa kuja. Nawakataza wanafunzi kucheka wakilisikia. Waulize: "Mama, aliacha kunyonya lini, na tangu hapo anakula nini?"

Mwanafunzi aliyekariri kwamba huu ni upungufu wa protini hukimbilia mayai na nyama siku ya kwanza. Hilo linaweza kuua. Mwili uliokaa na njaa umepunguza kazi ya kila kiungo. Ukilishwa kwa kishindo, insulini hupanda, fosfeti na potasiamu huhama kutoka damuni kuingia ndani ya chembe, na moyo hushindwa. Ndiyo maana tunaanza na maziwa ya tiba F-75: kilokalori 75 kwa mililita 100, protini chini ya gramu moja. Mtoto wa kilo 6 aliyevimba miguu tu hupewa mililita 130 kwa kilo kwa siku, jumla 780, zikagawanywa mara kumi na mbili. Mililita 65 kila saa mbili, kama robo ya kikombe cha chai. Mama akiona kiasi hicho hudhani tunambania mwanawe, na asipoelezwa atamwongezea uji kwa siri. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, tunahamia F-100 hatua kwa hatua.

Saa sita, saa nane na saa kumi usiku ndizo ngumu. Mtoto huyu hana akiba. Akipitwa na muda wa saa nne bila kulishwa, sukari hushuka, mwili hupoa, na asubuhi wodi hukuta amekwenda. Kwa hiyo nikifika wodini alfajiri naanza na chati ya ulishaji kabla ya kusalimia mtu. Natazama visanduku vya usiku. Vikiwa vimejazwa vyote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata doa la maziwa, simwulizi mwanafunzi. Namuuliza mama.