MOTOKAA NI AMANA: SHOKAMZOBA ZA NYUMA NA ROHO ZA WATOTO WETU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanaadamu vyombo vya kupanda barani na baharini. Na Sala na Salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mambo ya sala, funga, ndoa na malezi. Huenda baadhi yao wakastaajabu kutuona mwezi huu tukizungumza juu ya vyuma na mafuta ya motokaa. Lakini nyumba nyingi za Kiislamu siku hizi zina gari, au hupanda gari la jirani, na madrasa kadha wa kadha zina gari la kuchukulia watoto. Roho ya mtoto aliyemo ndani ya gari ni amana, kama ilivyo amana mali ya yatima. Yaliyotufika sisi tunayaeleza hapa ili mwengine asipite katika njia ile ile tuliyoipita.

GARI LETU LILIITWA JAHAZI

Madrasa yetu ina gari la Toyota Hiace, lililonunuliwa kwa michango ya wazee, nalo lilikuwa limekwisha tumika Japani kabla ya kufika kwetu. Lilituhudumia vizuri kwa miaka mingi. Kisha, pole pole, likaanza kuyumba. Likipita juu ya tuta, mkia wake ulipanda ukashuka, ukapanda tena ukashuka tena, hata watoto wakalipa jina la "jahazi", nasi waalimu tukacheka pamoja nao. Watoto wale walikuwa wakitupa habari ya ugonjwa wa gari, nasi tukaifanya mzaha.

Siku moja mama wa mwanafunzi wetu alikuja barazani akasema, "Maalim, mwanangu hutapika kila apandapo gari lenu; akipanda basi hatapiki. Nakuombeni mlitazame." Tukamjibu kwa upole kuwa mtoto atazoea. Hilo lilikuwa kosa letu la pili, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mara hii tuliambiwa waziwazi.

Haukupita muda mrefu ila yakatukuta. Tulikuwa tukirudi Tanga kutoka upande wa Muheza baada ya Maulidi. Ilikuwa usiku, mvua imenyesha, na watoto kumi na wawili walikuwa ndani wakisoma kasida. Penye kona moja palikuwa na mashimo. Magurudumu ya nyuma yaliruka, yakagusa chini, yakaruka tena, na mkia wa gari ukaenda upande hata ukaukaribia mtaro. Dereva alijitahidi kulirudisha gari katika njia yake, na Mwenyezi Mungu akatunusuru. Kasida zilikatika. Mpaka tunafika nyumbani hapana aliyesema neno, ila mtoto mmoja mdogo aliyeuliza kama tumekwisha fika.

KAZI YA SHOKAMZOBA

Kesho yake tulimwita fundi, kijana aliyesoma juzuu zake katika madrasa yetu. Akaingia chini ya gari, akatoka akatuonyesha kiganja chake kilicholowa mafuta meusi. Akasema, "Maalim, shokamzoba zote mbili za nyuma zimekufa, wala hazikufa leo."

Watu wengi hudhani kuwa shokamzoba, ambazo wengine huziita shokapu, ndizo zinazobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Lakini springi ina tabia yake: ukiikandamiza kisha ukaiachia, haitulii papo hapo, bali hupanda na kushuka mara kadhaa. Shokamzoba ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna silinda yenye mafuta, na pistoni yenye vitundu vyembamba na valvu ndogo. Gurudumu likipanda au likishuka, mafuta hulazimika kupita katika vitundu hivyo kwa shida, na ile nguvu ya kurusha gari hugeuka kuwa joto, kisha joto hilo likapotea hewani. Katika shokamzoba nyingi za siku hizi hutiwa pia gesi ya naitrojeni ili mafuta yasifanye povu. Kwani pistoni ikipita katika povu haipati upinzani kama ipatao katika mafuta.

Basi mafuta yakivuja, au valvu zikilika, springi hubaki peke yake bila ya mtulizaji. Gurudumu huruka badala ya kukanyaga, na tairi lililo hewani halisaidii breki wala haliushiki mkia usiende upande. Ndiyo maana gari la namna hiyo huchukua mwendo mrefu zaidi kabla ya kusimama, na huteleza upesi penye maji.

Ubaya wa maradhi haya ni kuwa huja kidogo kidogo. Breki ikikatika dereva hujua saa ile ile. Lakini shokamzoba hufa kwa miezi na miaka, na dereva hujizoeza kuendesha gari bovu bila ya kujua kuwa anajizoeza. Ni mfano wa mtu anayeiakhirisha sala yake kidogo leo na kidogo zaidi kesho, hata siku moja wakati ukamtoka naye hakuona ajabu.

NAMNA YA KUYAJUA MARADHI

Fundi wetu alitufundisha alama hizi, nasi tunazieleza kama tulivyozipokea.

Kwanza, tazama kwa macho. Shokamzoba ikiwa na ukungu mwembamba wa mafuta karibu na shingo, si kitu. Hiyo ni kawaida yake. Lakini ikiwa imelowa, na vumbi limeshikamana na mafuta hata limekuwa tope jeusi, basi mpira unaozuia mafuta umekwisha, na mafuta yaliyotoka hayatarudi ndani.

Pili, sukuma kona ya nyuma ya gari kwenda chini kwa uzito wako, kisha achia. Gari lenye afya hupanda likatulia. Likiendelea kupanda na kushuka, shokamzoba imechoka. Lakini yafaa ijulikane kuwa magari ya mizigo na abiria kama Hiace yana springi ngumu za mabamba, na jaribio hili haliwezi kutoa hukumu peke yake. Gari linaweza kukataa kushuka chini ya mkono wako, na huku shokamzoba zake zimekufa.

Tatu, baada ya kwenda mwendo katika njia mbovu, simama, kisha gusa kila shokamzoba kwa tahadhari, ukiuepuka mkono usiguse bomba la moshi. Iliyo nzima huwa na vuguvugu, kwa sababu imefanya kazi. Ikiwa moja ina joto na mwenzake ni baridi kama chuma kingine cha gari, hiyo baridi haifanyi kazi.

Nne, pitisha kiganja juu ya matairi ya nyuma. Ukikuta yamelika mabaka mabaka, hapa bonde na hapa kilima, huenda tairi limekuwa likirukaruka barabarani.

Tano, sikiliza mlio wa kugonga nyuma upitapo penye mashimo. Pengine si shokamzoba yenyewe, bali ni bushi zake za mpira zilizolika, au nati iliyolegea.

Na jambo moja zaidi: gari likilala nyuma hata bila ya mzigo, aghalabu zilizochoka ni springi. Mtu asinunue shokamzoba akitaraji zitaliinua gari.

KUCHAGUA, NA HILA ZA SOKONI

Waundaji wengi hushauri shokamzoba zikaguliwe kila kilomita 20,000, na itazamiwe kuzibadilisha zifikapo kilomita 80,000 hivi. Katika njia zetu za mashimo, na kwa gari linalojazwa watu, huenda zisifike huko.

Kamati ilipokutana, mmoja wetu alishauri tubadilishe ile iliyo mbovu zaidi tu, na nyingine ingojee mwakani. Fundi akakataa, akasema shokamzoba za ekseli moja hubadilishwa mbili pamoja. Kwani ukiweka mpya upande mmoja na nzee upande wa pili, gari hukazwa huku likalegea kule, na penye kona ndipo tofauti hiyo hudhuru. Mwengine akashauri zinunuliwe zilizokwisha tumika, kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi. Shauri hilo tulilikubali.

Tukaenda katika duka moja mjini. Tukaonyeshwa mbili, nyeusi, zikimetameta, tukafurahi. Fundi akaikwaruza moja kwa ukucha penye shingo. Rangi ikabanduka, na chini yake palikuwa na mafuta. Akaisimamisha, akaisukuma fimbo yake. Ikashuka mpaka katikati bila ya kukataa, kama kijiti kinachotiwa ndani ya uji. Ilikuwa imepanguswa na kupakwa rangi ili aibu yake isionekane. Mwenye duka akasema naye aliuziwa hivyo hivyo.

Tukakumbuka ile habari ya Mtume wetu (s.a.w.), iliyopokewa na Abu Huraira katika Sahihi ya Muslim, ya kuwa alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye chakula kuna nini, naye akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akaeleza kuwa mwenye kudanganya hana sehemu kwake. Nasi tuliona umaji ule ule, ila umefichwa chini ya rangi. Mwenye kujua aibu ya bidhaa yapasa aiseme, ingawa yeye mwenyewe alidanganywa. Na mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha kitu na kudai mali yake.

Tukatoka bila ya kununua. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza juu ya kuchagua. Shokamzoba zilizokwisha tumika ni bahati nasibu, na roho za watoto hazichezewi bahati nasibu. Nunua mpya, kwa namba ya muundo wa gari lako, si kwa kukisia kwa urefu. Mpya si lazima ziwe za mwenye kuunda gari. Wako waundaji wengine wanaojulikana, kama Kayaba ya Japani na Monroe ya Marekani, lakini nunua kwa muuzaji anayekuandikia risiti na kukubali kurudishiwa, kwani majina makubwa huigizwa. Ushike fimbo mkononi: yapasa ikatae kwa usawa toka mwanzo mpaka mwisho. Wala usidanganyike kuchukua ngumu kupita kiasi ili ubebe mizigo zaidi. Kiasi cha mzigo kiliwekwa na walioliunda gari.

KUZIBADILISHA

Katika gari lenye springi za mabamba kazi hii si ngumu, na vijana wetu waweza kujifunza chini ya fundi. Simamisha gari mahali pa sawa, panapo ardhi ngumu, na zuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Liinue kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki nyingine iishike ekseli, kwa kuwa shokamzoba huizuia isishuke kupita kiasi, na ukiifungua ghafla mpira wa breki waweza kuvutika.

Nati zenye kutu zitiwe mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Fungua upande mmoja, umalize, kisha uende wa pili, ili uwe na mfano wa kutazama. Shokamzoba mpya isimamishwe wima kama itakavyokaa garini, uisukume na kuivuta mara kadhaa, ili hewa itoke penye mafuta. Usiishike fimbo yake inayong'aa kwa plaizi. Mkwaruzo mdogo hukata mpira, na mafuta huanza kutoka. Bushi ziwe mpya. Nati zikazwe kidogo kwanza, kisha gari lishushwe, na ndipo zikazwe kabisa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Ukizikaza gari likiwa juu, bushi husokotwa zikararuka mapema. Baada ya siku chache, zikague tena.

Ama gari ambalo shokamzoba yake imo ndani ya springi iliyosokotwa, hilo apelekewe fundi mwenye kifaa cha kuibana springi, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuua.

NASAHA

Kabla gari halijachukua watoto tena, tulikwenda nyumbani kwa yule mama tukamtaka radhi. Akasamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Mwanawe sasa hupanda gari la madrasa bila ya kutapika.

Wako wanaosema ajali ni kadari, na kwamba mwenye imani hutegemea kwa Mungu. Ni kweli, lakini katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache kisha ategemee, aliambiwa amfunge na ategemee. Sisi usiku ule wa Maulidi tulitegemea bila ya kufunga.

Basi enyi wazee wenye magari, ingieni chini mkatazame. Enyi vijana, jifunzeni ufundi, na muufanye kwa uaminifu. Nanyi kina mama, mkiona jambo katika gari linalowachukua watoto wenu, semeni, na mkijibiwa kama tulivyomjibu mwenzenu, semeni tena.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.