MADIRISHA YAKIVUJA, MWENYE NYUMBA AWEZA KUDAI HATA KODI

Soko la madirisha ya aluminiamu jijini Dar es Salaam limejaa mafundi, na wanaojenga nyumba za kupangisha wanayo nafasi nzuri ya kupatana bei. Tatizo hujitokeza masika yanapoanza. Maji hupita chini ya fremu, plasta hubabuka, na mpangaji aliyekwisha kuiona nyumba hubadili nia.

Kasoro zenyewe ni za kawaida: fremu imelazimishwa kwenye tundu la ukuta lililopinda, silikoni imepakwa juu ya vumbi, au matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini hayakutobolewa. Wapo pia wanaopatana kioo cha milimita 6 na kufunga cha milimita 5. Huo si uzembe tena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa.

Kwa kasoro nyingine, ngao ya mlaji ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kupatana, kwamba ingeweza kutokea. Hapo ndipo wenye nyumba wanapoumia. Gharama ya kurekebisha dirisha haina ubishi mkubwa, lakini kodi ya miezi iliyopita bure ni shauri jingine. Fundi atasema hakujua kuwa nyumba ni ya kupangisha. Mstari mmoja kwenye mkataba, unaotaja kwamba mpangaji anaingia tarehe fulani, huondoa utetezi huo.

Sheria hiyo haimbebi anayekaa kutazama. Hupimwa pia njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza hasara, hivyo aliyeacha dirisha likivuja masika yote asitarajie kulipwa na dari. Amjulishe fundi kwa maandishi, ampe muda, apige picha, kisha amwite mwingine na kutunza risiti.

Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi. Muda wa kufungua madai ni miaka 6. Hata hivyo, silaha iliyo karibu zaidi ni salio: wazoefu hubakiza sehemu ya malipo hadi kila dirisha limwagiwe ndoo kadhaa za maji fundi akiwa bado yupo. Salio hilo liandikwe tangu mwanzo, kwani kumzuilia fundi fedha bila makubaliano kunaweza kumgeuza mwenye nyumba kuwa mdaiwa.