Moto wa Mapema na Hifadhi ya Nyuki

Wapo wanaodhani kwamba kila moto ni adui wa nyuki. Katika misitu ya miyombo ya Mkoa wa Kigoma, kuanzia Muyama hadi nyanda za Kasulu na Kibondo, jambo hilo hutegemea mwezi ambao moto umewashwa.

Mvua huko humalizika mwezi wa Mei. Majani yakiachwa hadi Agosti au Septemba hukauka kabisa, na cheche moja ya mrina asali au mwindaji huzua moto mkali. Moto huo huja wakati miyombo inachipua na kutoa maua kabla ya mvua mpya. Huunguza maua, huua miche na kuteketeza mizinga ya magogo na magome iliyotundikwa mitini. Hasara hiyo haimfiki mrina asali peke yake, kwani mibuni nayo huzaa vyema zaidi ikitembelewa na nyuki.

Kinga yake ni uchomaji wa mapema, baina ya Mei na Julai, majani yakiwa bado na unyevu. Moto huwashwa jioni upepo ukiwa umetulia, kipande baada ya kipande, baada ya kufyekwa njia za kuuzuia na kusafishwa mashina ya miti yenye mizinga. Baadhi ya vipande huachwa bila kuchomwa, ili wadudu wapate chakula na maficho.

Majaribio yaliyoanza Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1933, yameonesha tofauti hiyo. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza karibu miti yote, ilhali vilivyochomwa mapema vilibaki msitu.

Hata hivyo, wananchi wa Visiwani wanakumbushwa kuwa mfano huu ni wa miyombo tu. Vichaka vya maweni vya Unguja na Pemba havikuzoea moto. Udongo wake ni haba juu ya jiwe, na ukiungua hukawia kurejea. Sheria Na. 10 ya mwaka 1996 ndiyo inayosimamia rasilimali za misitu Zanzibar, na Bara ipo Sheria Na. 14 ya mwaka 2002. Kwa hiyo, anayekusudia kuchoma shamba aanze kwa Sheha na Afisa Misitu, na anayerina asali atumie bomba la moshi badala ya mwenge.