Shokapu Iliyokufa Haipigi Kelele

Ndugu msomaji, ukisimama kando ya barabara pale Oldonyo Sambu, Mlima Meru ukiwa ubavuni mwako, utayaona malori yapitayo kati ya Arusha na mpaka wa Namanga. Lipo linalovuka tuta, likainama mara moja na kutulia. Lipo na jingine linaloendelea kunesanesa kama mtumbwi hata baada ya tuta kupita. Hilo la pili ndilo la kuogopa.

Wengi hudhani kuwa shokapu ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isirukeruke. Ndani yake mna oili inayosukumwa kupita katika vitundu vidogo, na msukumo huo huzaa joto. Shokapu ikifa, gurudumu hudundadunda, na gurudumu lisilogusa barabara haliwezi kusimamisha gari hata breki zikiwa nzima. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake. Ni la mke na watoto wanaomngoja dereva nyumbani, na la mtoto wa shule anayevuka barabara.

Itatambulikaje? Gari dogo hubonyezwa pembeni kwa mikono, likatazamwa linavyorudi. Lori halibonyezeki, kwani springi zake ni ngumu mno. Iko njia nyingine isiyohitaji hata spana. Baada ya mwendo wa robo saa au zaidi katika barabara mbovu, lori lisimamishwe mahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ifungwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Kisha dereva asogeze kiganja taratibu kwenye kila shokapu, bila kuikamata ghafla, maana yaweza kuunguza. Iliyo hai huwa na joto kuliko chuma cha chesisi kilicho karibu nayo. Ikiwa ya kulia ina joto na mwenzake ya kushoto ni baridi, basi hiyo ya baridi imekwisha.

Macho nayo yafanye kazi. Futa vumbi kwanza, kwani huficha mengi. Unyevu mwembamba wa oili si ugonjwa; oili inayotiririka ni ugonjwa. Tazama pia kama mipira ya vishikizo imekatika, na kama tairi limelika kwa mabonde mabonde.

Ikithibitika, zibadilishwe zote mbili za ekseli hiyo, maana mpya na kuukuu hazivuti sawa. Wako wenye magari wasemao, "Springi zipo, peleka mzigo kwanza." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini roho ya mtu ikishapotea, hakuna fundi awezaye kuijenga upya.

Nawe utingo, ukaguzi ukiisha, usiyaache yale mawe barabarani. Nyuma yako kuna mwingine anakuja.